Gauni Kuukuu Lina Umri Gani?

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Siku hizi gauni la pamba likichakaa kidogo tu, linakatwa liwe kitambaa cha kupangusia. Watu husema, "Si ni tambara tu!" Kumbe tambara hilo laweza kuwa kumbukumbu pekee iliyobaki ya ujana wa nyanya yako. Hebu tuone jinsi ya kukisia umri wake na kulitunza.

Kanuni kubwa ni hii: ukiona kwenye gauni kitu kilichoanza kutumika mwaka fulani, basi lilishonwa mwaka huo au baadaye, si kabla.

Kwanza, tazama zipu. Zipu za chuma zilianza kutiwa kwenye magauni miaka ya 1930, na mara nyingi ziliwekwa ubavuni. Za nailoni zilienea miaka ya 1960. Lakini tahadhari! Mafundi hubadilisha zipu. Angalia kama kuna matundu ya sindano ya mshono wa awali, ama uzi wa rangi nyingine.

Pili, soma lebo, hasa kwa nguo za mitumba. Alama ya CC41 ilitiwa kwenye nguo za Uingereza kati ya 1941 na 1952, katika mpango wa serikali ulioanza wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Marekani ililazimisha lebo ya maelezo ya kufua kuanzia mwaka wa 1972. Lebo ikitaja Ujerumani Magharibi, ni ya kabla ya nchi hiyo kuungana na Ujerumani Mashariki mwaka wa 1990.

Tatu, chunguza uzi. Chomoa kipande kifupi ndani ya pindo, ukichome mbali na nguo, mtu mzima akiwepo. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Poliesta ilivumbuliwa Uingereza mwaka wa 1941, ikaingia katika nguo za madukani miaka ya 1950. Hata hivyo, pamba tupu si ushahidi wa ukale, maana mpaka leo inafumwa.

Kwetu kuna gauni la maua ambalo nyanya anasema alishonewa mwaka wa Uhuru, yaani 1963. Mjomba akabisha eti ni la juzijuzi, likatwe tu, na mkasi ulikuwa tayari. Tukaligeuza nje ndani. Lebo halina, kwa kuwa ni kazi ya fundi wa mtaani. Zipu ni ya chuma, iko ubavuni, na haijawahi kubadilishwa. Uzi ni wa pamba. Hayo hayathibitishi mwaka wenyewe, kwani fundi aweza kutumia zipu iliyokaa dukani miaka mingi. Lakini hakuna hata kimoja kilichompinga nyanya. Mkasi ukarudi kabatini.

Sasa, utunzaji. Usitie Jiki, hula nyuzi. Gusisha pindo kitambaa cheupe chenye maji uone kama rangi inatoka. Kama haitoki, loweka gauni katika maji baridi na sabuni isiyo kali. Libonyezebonyeze, usilikamue. Anika kivulini likiwa limelazwa, kwa sababu uzito wa maji hukata nyuzi dhaifu, na jua hupausha rangi.

Likikauka kabisa, usilipake wanga, maana wadudu huupenda. Usilitundike, mabega yatavutika. Usilifunge ndani ya plastiki, kwani unyevu huleta koga, wala usilizungushie gazeti, wino utashika. Likunje pamoja na shuka nyeupe ya pamba iliyofuliwa, na uweke kitambaa chini ya zipu au vifungo vya chuma visije vikaacha kutu. Mara mbili kwa mwaka likunjue, ulipe hewa, kisha ulikunje mahali pengine, maana mkunjo wa siku nyingi hugeuka kuwa mpasuko.

Mwisho, andika kwenye karatasi jina la mwenye gauni, fundi aliyelishona na mwaka. Muulize nyanya leo angali anakumbuka. Zipu na uzi vitakuambia gauni ni la karibu lini. Alilivaa akienda wapi, atakayekuambia ni yeye peke yake.