Kipimo cha Herufi A

Anayefundisha wenziwe kuhifadhi udongo hana budi kushika kazi mwenyewe kwanza. Basi, walimu, fungeni miti miwili ya mita 2 mfano wa herufi A, pamoja na mti wa kukatiza. Kileleni ning'inizeni kamba yenye jiwe. Simamisheni kipimo, tieni alama kamba inapopita. Kisha kigeuzeni: mguu wa kulia ukae palipokuwa wa kushoto. Tieni alama ya pili. Kamba ikipita katikati ya alama hizo, miguu i sawasawa. Pigeni vigingi hapo.

Wengi huacha kule kugeuza, wakiona ni upuuzi. Tuta lao huinama, maji ya masika hujaa upande mmoja, hulipasua, na shamba la chini huchukuliwa. Haya, twendeni mteremkoni tukapime.