Kalamu, Mkono na Herufi

Kabla ya shule za misheni kuenea pwani, tangu Bagamoyo mpaka vijiji vya Kisarawe na Kibaha, waliojua kuandika waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kalamu yao ilikuwa tete, mmea uotao penye maji, kama kando ya mto Ruvu. Tete lilichongwa ncha, likakatwa mshazari, kisha likapasuliwa kidogo katikati ili lishike wino. Kwa sababu ya ncha hiyo, mstari uliovutwa upande mmoja ulikuwa mnene, na uliovutwa upande mwingine mwembamba. Basi uzuri ule ulitoka katika tete lenyewe.

Mkono nao hubadili herufi. Katika maandiko hayo herufi ya te, ianzapo neno, ni kijino kidogo chenye nukta mbili juu. Nuni ni kijino kile kile chenye nukta moja. Mwandishi mwenye haraka hapendi kuinua kalamu mara nyingi. Nukta mbili huziunga ziwe kistari, na nukta tatu huzifanya kama kipaa cha nyumba. Mambo kama hayo yalitokea hata Korea, nchi ya mbali. Mfalme Sejong alipotangaza herufi mpya mwaka 1446, baadhi yake zilikuwa na nukta za mviringo; haukupita muda mrefu, brashi za waandishi zikazigeuza kuwa vistari vifupi.

Lakini haraka ina hatari yake. Mtu akimwandikia nduguye, “Toa kisu,” na nukta moja ikapotea, nduguye atasoma, “Noa kisu.” Huyu angojea kisu kiletwe, na yule yuko jiweni ananoa!

Herufi za Kirumi zitumikazo leo hazikuepuka jambo hilo. Kalamu za chuma za shule za zamani zilichora mstari mwembamba zikipanda, na mnene zikishuka. Tena herufi n isipopindwa vema juu hufanana na u. Hivyo mtu aliyeandika, “Kuna mtu,” aweza kusomwa kuwa ameandika, “Kuua mtu.”

Kwa hiyo mwanafunzi asidhani kwamba mwandiko mzuri ni pambo tu. Aandikaye hayupo barua yake isomwapo, wala hawezi kujieleza. Herufi zake ndizo zinenazo kwa niaba yake.