Kiwanja cha bei nafuu bondeni Kigali

KIGALI ni mji wa vilima, na anayerejea nyumbani na fedha kidogo mara nyingi huishia mabondeni. Juu viwanja ni ghali. Chini, karibu na mafunjo, watu wameuziana kwa karatasi iliyoandikwa mbele ya mashahidi wawili. Karatasi hizo nimeziona, zimekunjwa vizuri kama noti. Mbele ya sheria hazina nguvu.

Sheria ya mazingira ya mwaka 2005 ilikataza kujenga ndani ya kinamasi, na hata ndani ya mita 20 kutoka ukingoni mwake. Hivyo Desemba 2019, wakazi wa mabondeni walipohamishwa huku mvua ikinyesha, mwenye hati halali alikuwa na la kudai. Mwenye karatasi ya mashahidi aliondoka na mabati yake, kama aliwahi kuyang'oa.

Sibishi kwamba bonde lihifadhiwe. Mfanyabiashara aliyewahi kukwama Nyabugogo siku ya mafuriko hahitaji kuhubiriwa. Mafunjo hushika maji na kuyaachia polepole. Ukiyafukia kwa kifusi, maji yatapita dukani kwako. Tena hayaishii hapo. Huingia Nyabarongo, kisha Akagera, yakapita Rusumo penye malori yetu na kumwagika Ziwa Victoria. Mafuta machafu ya gereji za bondeni si shida ya Kigali peke yake.

Kinachoniuma ni muda. Viwanda vya bonde la Gikondo vilitakiwa kuhama, vingi vikielekezwa Masoro, na zoezi hilo lilichukua zaidi ya miaka kumi. Mpangaji wa chumba kimoja alihesabu siku. Kama kiwanda kinahitaji miaka, mama mwenye watoto na genge la nyanya naye anahitaji walau miezi.

Na watu hawapungui. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 1,132,686 mjini humo; ya 2022 ilikuta 1,745,555. Mwaka huo huo bustani ya kinamasi cha Nyandungu ilifunguliwa, na 2024 kazi ya kurejesha mabonde mengine ikaanza, Gikondo na Nyabugogo yakiwamo.

Kwa hiyo ndugu unayetafuta kiwanja, kila ardhi yenye hati ina namba yake. Mwombe muuzaji namba hiyo, uipeleke ofisi ya ardhi kabla hujatoa hata faranga moja. Akianza habari za mashahidi, funga mkoba.