Picha za Mwendo Zisiufanye Mwongozo Kuwa Bubu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika siku zetu hizi daftari la mali za wengi halikai tena mezani. Limo katika simu na katika kompyuta, na yeyote asiyejua kulifungua na kulisahihisha hana budi kumtegemea ajuaye. Ndiyo maana tumeona vyema leo tuzungumzie jambo ambalo kwa jicho la haraka ni dogo, nalo ni namna watengenezaji wa programu wanavyotia picha za mwendo katika miongozo yao, na namna picha hizo zinavyoweza kumfaa mtumiaji au kumwangusha.

Hivi karibuni tulikaa na katibu wa ushirika mmoja wa wauza mboga hapa Kigali. Vijana walioutengenezea ushirika huo programu ya hesabu walikuwa wamemwachia mwongozo wa kusoma katika simu yake. Siku hiyo alikuwa ameandika kimakosa faranga 45,000 badala ya faranga 4,500 mbele ya jina la mwanachama mmoja, naye alitaka kuliondoa kosa hilo kabla ya malipo ya jioni. Aliufungua mwongozo. Mahali palipopaswa kuwa na maelezo ya kusahihisha palikuwa na kisanduku kitupu, na ndani yake neno moja tu: "picha3". Akampigia simu mmoja wa vijana wale.

"Mama, itazame hiyo picha, inaonyesha kila kitu," kijana alimwambia.

"Mwanangu, picha siioni. Naona jina lake tu," mama alijibu.

Hatuyasemi haya ili kuwalaumu vijana. Walikuwa na nia njema, na chombo walichokichagua ni chombo kizuri. Lakini yafaa tueleze chombo hicho hufanyaje kazi, ili ijulikane kosa lilitoka wapi.

UTARATIBU WA MARKDOWN

Mwongozo ule ulikuwa umeandikwa kwa utaratibu uitwao Markdown, ambao John Gruber wa Marekani aliutangaza mwaka 2004, akisaidiwa na kijana aliyeitwa Aaron Swartz. Shabaha yake ilikuwa kwamba maandishi yasomeke kwa urahisi hata kabla ya kupambwa. Anayetaka kichwa cha habari huanza mstari wake kwa alama ya reli. Anayetaka neno likolezwe hulizungushia vinyota. Hakihitajiki chombo cha gharama. Programu yoyote ya kuandikia, hata iliyo katika simu, yatosha.

Kwa sababu ya wepesi huo utaratibu huu umeenea duniani kote. Katika GitHub, ghala la programu lililofunguliwa mwaka 2008, kazi nyingi hutanguliwa na faili iitwayo README, maana yake "nisome", na mara nyingi faili hiyo huandikwa kwa Markdown. Nchi yetu nayo haikubaki nyuma katika elimu ya programu. Mwaka 2012 ilifunguliwa kLab hapa Kigali, mahali pa vijana kukutana na kujaribu kazi zao. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kina tawi lake mjini humu. Na mwaka 2019 ilianzishwa shule ya Rwanda Coding Academy wilayani Nyabihu. Kijana anayejifunza kazi hii leo hawezi kuikwepa Markdown, kama vile seremala asivyoweza kuikwepa penseli.

ASILI YA PICHA HIZO

Picha za mwendo zinazotumiwa sana katika nyaraka hizo ni za aina iitwayo GIF. Zilibuniwa mwaka 1987 katika kampuni ya CompuServe ya Marekani, na kundi lililoongozwa na Steve Wilhite, aliyefariki dunia mwaka 2022. Mwaka 1989 aina hiyo ilitengenezwa upya, ikaruhusu kila picha iliyomo katika faili kupewa muda wake wa kuonekana. Mwaka 1995 kivinjari cha Netscape kikaongeza uwezo wa kuzirudia bila kikomo, na tangu hapo zikazagaa.

Kumbe basi GIF si sinema kamili. Ni mfano wa kitabu chenye picha kila ukurasa, ambacho mtu akizipitisha kurasa zake upesi kwa kidole gumba huona kana kwamba mchoro unatembea. Haina sauti, na kila picha yake hutosheka na rangi 256 tu. Kwa nini basi haikufa? Sababu moja ni kwamba Markdown ya asili ina alama ya kuitia picha, lakini haina alama ya kuitia sinema. GIF, kwa kuwa huhesabiwa kuwa picha, hupita katika mlango uleule wa picha za kawaida na kuanza kucheza yenyewe.

Alama yenyewe ni hii:

![Kusahihisha kiasi kilichoandikwa kimakosa](picha/sahihisha.gif)

Kwanza huja alama ya mshangao, kisha mabano ya mraba yenye maneno ya kuieleza picha, kisha mabano ya mviringo yenye anwani ya faili. Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Waraka wa Markdown hauibebi picha. Huitaja tu mahali ilipo. Picha hukaa nje, na kila msomaji anapofungua waraka, simu yake hutumwa kwenda kuileta. Isipofika, kinachobaki mbele ya msomaji ni yale maneno yaliyomo katika mabano ya mraba. Kijana wetu aliandika "picha3" mahali hapo, na mama katibu akabaki na "picha3".

MAMBO YA KUANGALIA

Picha inaweza kukosa kufika kwa sababu nyingi. Huenda ilihamishwa ikaachwa anwani ya zamani. Huenda iliwekwa katika tovuti ya mtu mwingine, naye akaifuta. Na kuna kosa linalowanasa wengi: faili inaitwa "Sahihisha.gif", lakini katika waraka imeandikwa "sahihisha.gif". Kompyuta ya mwandishi yenye Windows haijali herufi kubwa wala ndogo, hivyo picha huonekana vizuri. Seva nyingi hujali, na kwa msomaji picha haipo. Mwandishi huapa kwamba kazi yake ni nzima, na msomaji huapa kwamba ni mbovu, na wote wawili husema kweli.

Jambo la pili ni uzito. Picha ya mwendo ya sekunde 8, yenye picha 10 kwa kila sekunde, ni picha 80 zilizofungwa pamoja. Faili kama hiyo yaweza kufikia megabaiti kadhaa kwa urahisi, na mara nyingi huizidi kwa mbali sinema ya urefu huohuo iliyobanwa kwa njia za kisasa. Aliye na intaneti ya ofisini hatambui. Aliye sokoni na bando la siku moja hulipa kwa fedha yake. Dawa yake inajulikana: onyesha tendo moja tu, punguza upana wa picha, punguza idadi ya picha kwa sekunde, na ukate mwanzo na mwisho usio na faida.

Tatu, kuna wasomaji ambao picha haiwafai hata ikifika. Asiyeona husomewa na simu yake yale maneno ya mabano ya mraba, wala hana jingine. Tena, kanuni za kimataifa za kuwafikia watu wenye ulemavu zinataka kwamba kitu kinachotembea chenyewe kwa zaidi ya sekunde 5 kiweze kusimamishwa, na kwamba kisimemeteke zaidi ya mara 3 kwa sekunde, kwa kuwa jambo hilo laweza kumletea kifafa mwenye ugonjwa huo.

Nne ni siri za watu. Anayerekodi skrini yake ili atengeneze mwongozo huweza kurekodi pia majina na nambari za simu za wanachama. Rwanda inayo sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2021. Majina ya kubuni yatumike, na hesabu za kubuni vilevile.

LUGHA YA MSOMAJI

Wapo watakaosema kwamba picha inahitajika hasa kwa kuwa watumiaji wengi hawasomi Kiingereza. Tunakubali, na mwendo wa kidole juu ya kitufe humwelewesha mtu upesi kuliko aya nzima ya lugha asiyoijua. Lakini hakuna sheria ya Markdown inayotaka mabano ya mraba yajazwe Kiingereza. Yanapokea Kinyarwanda, na yanapokea Kiswahili, ambacho Bunge letu lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Vijana wetu hawana kisingizio.

Mama katibu aliokolewa na maneno manne aliyoambiwa kwa simu: bonyeza jina, bonyeza kalamu. Akasahihisha, na wanachama wakalipwa haki yao. Maneno hayo manne yangeandikwa chini ya picha tangu mwanzo, asingehitaji kumpigia mtu.

Kwa hiyo tunawaomba waandishi wa miongozo, kabla ya kukabidhi kazi zao, wafanye jaribio moja: wazime intaneti, waufungue waraka wakiwa hawana picha hata moja, kisha wajiulize kama msomaji bado aweza kufanya alichokusudia. Ikiwa aweza, picha zitakuwa msaada wa kweli. Ikiwa hawezi, mwongozo bado haujaandikwa.