Fahamu: Kwa nini ngoma ya jembe inahitaji kamera

Katika Uwanja wa Uhuru, jirani na Chang'ombe jijini Dar es Salaam, sherehe za taifa zimepambwa kwa miaka mingi na ngoma za mikoani. Miongoni mwa ngoma maarufu nchini ni bugobogobo ya Wasukuma, inayochezwa kwa majembe. Asili yake ni shambani: vikundi vya kulima pamoja viliimba na kupiga ngoma ili majembe yote yainuke na kushuka kwa mdundo mmoja. Jukwaani jembe hurushwa na kuzungushwa kwa ustadi wa kustaajabisha, lakini mtazamaji wa mjini haambiwi nani anamiliki shamba, pamba inauzwaje, wala kwa nini kijana ameondoka.

Filamu inaweza kuyasema hayo. Fimbo ya Mnyonge, ya miaka ya 1970, ilimfuata kijana aliyekwenda mjini kutafuta maisha kisha akaukumbatia Ujamaa, siasa ya serikali ya wakati huo. Jibu la filamu hiyo lilipangwa na serikali, ila swali la kwa nini kijana anaondoka lilikuwa la kweli, na bado lipo. Wapo wanaohofu kwamba kamera itaharibu urithi. Hofu hiyo ina msingi: ngoma iliyokatwakatwa vipande vya sekunde chache hupoteza mdundo wake. Hata hivyo, bugobogobo yenyewe ilishahama kutoka shambani hadi jukwaani, na plau la ng'ombe na trekta vimebadili kazi iliyoizaa. Msanii anayemwonyesha mkulima wa leo, anayepokea kwa simu fedha za mwanawe aliyeko Temeke, haivunji mila. Anaiendeleza, mradi wakulima wenyewe washirikishwe tangu hadithi inapoandikwa.