Sakafu ya Nyumba ya Msonge

Katika milima ya Uluguru, iliyo juu ya mji wa Morogoro, zamani watu walikaa katika nyumba za msonge. Mahali penyewe ni mteremko, basi mjenzi hukata ardhi kwanza apate kiwanja kilicho sawa. Kisha huchomeka kijiti katikati, hufungia kamba, na kwa ncha ya pili huzunguka akichora duara. Urefu wa kamba, toka kijitini hata mstarini, ndio nusu kipenyo. Nao peke yake watosha kujulisha eneo la sakafu yote.

Mfano wake ni mtu aliyejenga kwa kamba ya futi 7. Alipokandika sakafu alitumia vikapu 22 vya udongo. Watoto walipoongezeka akaazimu kujenga nyumba nyingine, kwa kamba ya futi 14. Akasema moyoni, “Kamba ni mara mbili, na udongo uwe mara mbili.” Akaweka tayari vikapu 44. Masika yakaingia, udongo ukamwishia, na nusu ya sakafu ilikuwa bado. Amekosa wapi?

Mwanafunzi na atwae kamba ya katani (iwe kuukuu, maana mpya ni hasara kuikata), aizungushe chini kama nyoka aliyejikunja, mizunguko ikigusana, hata iwe duara. Kisha aikate kwa kisu toka ukingoni hata katikati, avinyoshe vipande, kirefu chini na kifupi juu. Ataona pembetatu! Kitako chake ni mzingo wa duara, na kimo chake ni nusu kipenyo. Kamba ikiwa nyembamba zaidi, pembetatu huwa halisi zaidi. Jambo hili Archimedes, mtu wa Syracuse aliyekufa mwaka 212 kabla ya Kristo, alilithibitisha kwa hoja zisizo na shaka.

Sasa, eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo. Mzingo wa duara lolote ni kipenyo chake mara 22/7. Hesabu hii huzidi kweli kidogo mno, wala haimdhuru mjenzi. Nyumba ya kwanza ina kipenyo cha futi 14, na mzingo wake ni futi 44. Nusu yake ni 22; mara 7 ni futi za mraba 154. Kila kikapu kilitosha futi za mraba 7.

Nyumba ya pili ina mzingo wa futi 88. Nusu yake ni 44. Mara 14 ni futi za mraba 616, yaani vikapu 88. Kitako kimeongezeka mara mbili, na kimo vilevile mara mbili. Kwa hiyo eneo limekuwa mara nne. Kwa ufupi, nusu kipenyo huzidishwa kwa nusu kipenyo, kisha kwa 22/7.

Kwa vikapu vyake 44, kamba ingalitosha kuwa pungufu kidogo ya futi 10.