Aliyeangushwa Mara Saba, Je, Aweza Kurudi?

Watu wakikutana jioni baada ya kazi hawakosi neno la kubishania. Katika mwaka 1960 watu wa Marekani na wa Uswidi walikuwa na neno moja: Ingemar Johansson na Floyd Patterson wakipigana mara ya pili, nani atashinda? Ubishi huo ulikwisha zamani. Lakini tuusikilize tena, kwa kuwa unamhusu kila mtu aliyepata kuaibika mbele ya macho ya watu.

Kwanza tujue mambo yalivyoanza. Tarehe 26 Juni 1959, mjini New York, Patterson alikuwa bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu. Johansson alikuwa mgeni kutoka Uswidi, na wengi walidhani hataweza kitu. Raundi mbili zikapita kwa utulivu. Katika raundi ya tatu Johansson alirusha mkono wa kushoto, na mara mkono wa kulia ukafuata. Patterson akaanguka. Alipoinuka hakujua yuko wapi. Alimpa mwenziwe mgongo akaenda zake, kana kwamba yeye ndiye aliyeangusha! Johansson akamfuata akampiga tena. Katika raundi hiyo moja Patterson aliangushwa mara saba, mpaka mwamuzi akakomesha mchezo.

Basi ikapangwa warudiane tarehe 20 Juni 1960, mjini New York vile vile. Hapo ndipo ubishi ulipowaka.

Wa upande wa Johansson walisema hivi. Kwanza, mkono wake wa kulia ni kama nyundo. Mwezi wa Septemba 1958, kwao Göteborg, alimwangusha Eddie Machen katika raundi ya kwanza, na Machen alikuwa bondia wa kuogopwa. Pili, Patterson huanguka upesi. Mwaka 1957 aliangushwa na Pete Rademacher, aliyekuwa akipigania fedha kwa mara ya kwanza, na mwaka 1958 akaangushwa na Roy Harris. Kweli aliwashinda wote wawili, lakini wao hawakuwa na mkono wa Johansson. Tatu, na hili ndilo lililowanyamazisha wengi, hakuna bingwa wa uzito wa juu aliyepata kupoteza ubingwa kisha akaurudisha. Jeffries alijaribu mwaka 1910 akashindwa. Dempsey alijaribu mwaka 1927 akashindwa. Hata Joe Louis, bingwa wa mabingwa, alijaribu mwaka 1950 akashindwa. Je, Patterson ni nani awapite hao?

Wa upande wa Patterson hawakukosa majibu. Walisema: Hao mnaowataja wengi walirudi wakiwa wamechoka, lakini Patterson ana umri wa miaka 25 tu. Mikono yake ni myepesi kuliko ya mtu yeyote wa uzito ule. Tena mara ya kwanza alikuwa na ratili 182 tu, na Johansson ratili 196. Sasa ameongeza nguvu, ana ratili 190. Na ule mkono wa kulia haumshtui tena, maana ameuonja. Wakakumbusha pia michezo ya Olimpiki ya Helsinki ya mwaka 1952. Huko Patterson, kijana wa miaka 17, alipata medali ya dhahabu. Johansson aliondolewa katika pambano la mwisho, mwamuzi akisema hapigani, akanyimwa medali ya fedha. (Alikuja kupewa mwaka 1982.)

Walisema pia juu ya maisha ya mabingwa hawa baada ya siku ile. Johansson alikula matunda ya ushindi wake: karamu, televisheni, hata sinema aliigiza. Patterson alijifungia nyumbani siku nyingi, asitake kuonana na watu. Kisha akaenda kujizoeza katika nyumba tupu huko Connecticut, mbali na kelele.

Ndugu msomaji, mbivu na mbichi hujulikana shambani. Lakini katika ubishi wote huo, lipo jambo moja ambalo watu hawakuweza kulipima kwa mizani wala kwa hesabu, nalo ni aibu ya Patterson. Alizaliwa katika nyumba maskini ya watoto 11. Akiwa mdogo aliikwaruza sura yake mwenyewe katika picha, kwa sababu hakumpenda mtoto yule aliyemwona. Alikuwa mwizi mdogo mdogo na mtoro, mpaka alipopelekwa shule ya watoto wenye taabu. Huko walimu walimtendea kwa upole, na huko ndiko alikojifunza kusoma na kupiga ngumi. Mtu wa namna hii akiaibishwa mbele ya dunia, ama huvunjika kabisa, ama huinuka kwa nguvu asizojua mtu.

Siku ikafika. Katika raundi ya pili mkono wa kulia wa Johansson ulimpata sawasawa. Watu wakashika roho. Patterson akarudi nyuma, asianguke! Katika raundi ya tano alimpiga Mswidi kwa mkono wa kushoto, akaanguka, akasimama alipohesabiwa tisa. Patterson akamwandama, akaruka na kumpiga tena kwa kushoto. Safari hii Johansson hakuinuka. Patterson akawa wa kwanza kuurudisha ubingwa wa uzito wa juu.

Lakini tazama kilichofuata. Johansson alilala chali dakika nyingi, damu mdomoni, mguu wake ukitetemeka. Patterson aliyekuwa akirukaruka kwa furaha alimwona, akaogopa. Akapiga magoti akamshika, akamwahidi kupigana naye tena. Bondia huyu, aliyekuwa Mkatoliki, alisema baadaye kwamba ile chuki aliyoingia nayo ulingoni hakutaka kuwa nayo tena kamwe.

Walipigana mara ya tatu mwezi wa Machi 1961, Patterson akashinda tena. Kisha wakawa marafiki, wakitembeleana ng'ambo ya bahari. Miaka ya 1980 walikimbia pamoja mbio ndefu za Stockholm. Katika uzee wote wawili walipatwa na ugonjwa wa kusahau. Patterson alifariki mwaka 2006, Johansson mwaka 2009.

Wale waliobishana walitaka kujua nani ana ngumi nzito, na jibu walilipata. Lakini Patterson alikuwa na kazi mbili: kuinuka baada ya kuangushwa, na kuiweka chini chuki iliyomsaidia kuinuka. Ya kwanza ilimchukua mwaka mmoja, na dunia ikampigia makofi. Ya pili aliianza palepale ulingoni, akiwa amepiga magoti kando ya adui yake.